Mercedes-Benz 600: magonjwa yake ya kawaida, namna ya kuyapima na gharama za matengenezo

Mercedes-Benz 600 iliyochoka wakati mwingine hupatikana kwa bei ya kushawishi. Mnunuzi anasikia injini ikinguruma vizuri, anaona mbao za dashibodi zinang'aa na ngozi ya viti bado nzima, anatoa pesa. Baadaye ndipo anagundua kwamba injini ilikuwa sehemu rahisi. Kwenye gari hili pesa nyingi huliwa na vitu viwili usivyoviona vizuri ukifungua boneti: haidroliki, yaani mafuta yenye presha yanayoendesha vioo na viti, na hewa inayolibeba gari lenyewe. Kwa hiyo tutaanza na hivyo viwili, injini itasubiri zamu yake.

Kwanza ujue unachokishika. Gari hili lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Frankfurt mwezi Septemba 1963, likaendelea kuundwa Sindelfingen, Ujerumani, hadi 1981. Kwa miaka yote hiyo yalitoka magari 2,677 tu. Kati ya hayo, 2,190 ni yale mafupi yenye urefu wa mita 5.54. Yaliyobaki ni Pullman ya mita 6.24, yenye milango minne au sita, pamoja na Landaulet 59 ambazo paa lake la nyuma hukunjwa. Wenye magari haya walikuwa watu wa aina ya Rais Tito wa Yugoslavia, Elvis Presley na John Lennon, na mwaka 1964 bei yake ilianzia mark 56,500 za Ujerumani. Namba ya chasisi inayoanza na 100.012 ni ya gari fupi, 100.014, 100.015 na 100.016 ni za ukoo wa Pullman. Muuzaji akikuambia ni Pullman na namba inasema 012, umeshaokoa nauli.

Namba hizo zina maana kubwa kwenye spea pia. Injini ya 600, inayoitwa M100, iliwekwa vilevile kwenye 300 SEL 6.3 ya 1968 hadi 1972, na magari hayo yalikuwa 6,526. Kwa hiyo gasketi, pistoni na vitu vingi vya injini vina soko pana kidogo. Vifaa vya haidroliki ya starehe vilitengenezwa kwa ajili ya 600 peke yake. Ukivunja swichi ya kioo, huendi kuinyofoa kwenye Mercedes nyingine yoyote.

Hatua ya kwanza: likute gari limelala

Mwombe muuzaji asiliwashe gari tangu jana yake, na akikubali, usimwamini moja kwa moja. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Likiwa na joto, gari limeshapandishwa kabla hujaja, na kuna sababu.

Chukua futi ya kupimia, pima kutoka katikati ya kila tairi hadi ukingo wa fenda juu yake. Andika vipimo vyote vinne. Usiku mmoja hautoshi kulishusha gari lisilo na hitilafu kwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Kona moja ikiwa chini, hewa inatoroka pale pale, kwenye mfuko wa mpira au bomba lake. Sehemu yote ya mbele au ya nyuma ikiwa imeshuka sawasawa, elekeza shaka kwenye valvu ya kusawazisha kimo au mabomba ya upande huo. Gari likiwa limelala chini kabisa kama ng'ombe aliyechoka, mfumo mzima unahitaji mkono wa fundi, na bei ianze kujadiliwa upya.

Kabla ya kuwasha, tazama pia sakafu chini ya gari. Oili ya injini, mafuta ya giaboksi na mafuta ya haidroliki huacha madoa sehemu tofauti. Doa lililo usawa wa mlango halikutoka kwenye injini.

Hatua ya pili: haidroliki

Hapa tutakaa. Pampu inayozungushwa na injini inasukuma mafuta kwa presha ya takriban bar 150 hadi kwenye akumuleta, chombo chenye gesi upande mmoja na mafuta upande wa pili, kinachotunza presha hata injini ikizimwa. Kutoka hapo mabomba membamba yanapita mwili mzima wa gari hadi kwenye milango, viti, na kwenye paa la kufunguka au buti kwa magari yaliyowekewa. Swichi unayoibonyeza si ya umeme. Ni valvu, na mafuta yenye presha yote hiyo yanapita ndani yake, sentimita chache kutoka kwenye kidole chako. Ukibonyeza kidogo kioo kinapanda taratibu. Ukikandamiza kinapanda kwa kasi. Na kinapanda kimya.

Huo ukimya ndio kipimo chako cha kwanza. Ukisikia mota ikilia ndani ya mlango, mtu aliondoa haidroliki akaweka mashine za umeme. Gari la namna hiyo bado linaweza kutumika, lakini thamani yake imeporomoka, na kurudisha mfumo wa asili ni kazi ya kununua kila kitu upya. Binafsi nalipita.

Halafu fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Injini ikiwa bado haijawashwa, jaribu kioo kimoja. Kikisogea, presha ya jana bado imo, na hiyo ni habari njema sana. Kisiposogea, usikate tamaa bado.

2. Washa injini, acha presha ijengeke, jaribu kila kioo na kila kiti kimoja baada ya kingine. Kimoja kikiwa kizito na vingine vyepesi, tatizo ni swichi au silinda ya hapo. Vyote vikiwa vizito, angalia pampu na kiasi cha mafuta kwenye tanki lake.

3. Zima injini, jaribu tena mara hiyo hiyo. Vioo vikigoma papo hapo, akumuleta imepoteza gesi yake. Vikifanya kazi sasa lakini baada ya saa chache hakuna kitu, presha inavujia ndani kwa ndani kupitia sili (mipira ya kuzuia mafuta) za swichi zilizochoka.

4. Pitisha karatasi nyeupe chini ya kila swichi, kwenye ukingo wa chini wa bitana ya mlango, na chini ya zulia karibu na reli za viti. Mafuta yakianza kuvuja, mara nyingi hayadondoki. Huloweka ngozi ya mlango kwa ndani, ikawa laini na nyeusi upande wa chini, mbao za urembo zikaanza kubanduka pembeni, na zulia likashika vumbi kwa mstari mmoja kufuata bomba. Karatasi ikitoka na alama ya mafuta, hesabu mlango huo kama wa kufunguliwa.

Onyo moja, na silitoi kwa desturi tu: usitafute uvujaji kwa kidole. Mafuta kwenye presha hiyo yakitoka kwenye tundu dogo hutoboa ngozi na kuingia mwilini, na jeraha la hivyo ni la hospitali siku hiyo hiyo, hata kama linaonekana kama mchomo wa sindano. Tumia kipande cha boksi. Vioo navyo havina huruma kwa vidole. Watoto wasicheze na swichi. Na kabla ya kufungua nati yoyote, zima injini, endesha vioo mpaka visisogee tena, ndipo presha itakuwa imekwisha.

Mafuta ya mfumo huu ni ya madini, ya aina inayotajwa kwenye kitabu cha gari. Mtu akijaza mafuta ya breki kwa kudhani yote ni yale yale, sili zote zinavimba na kuharibika, kutoka pampu hadi kioo cha mwisho. Nusa tanki, angalia rangi, uliza kilijazwa nini na risiti iko wapi.

Gharama sasa. Kubadilisha sili za swichi moja kwa fundi anayeijua ni kazi ya mamia ya dola. Seti ya swichi za mlango wa dereva ikiwa mpya ni habari nyingine: bei inayotajwa mara nyingi hufikia dola elfu kumi. Ndiyo maana swichi chakavu haitupwi kamwe. Inafunguliwa, inasafishwa, inawekewa sili mpya. Akumuleta na pampu kila kimoja kinaingia kwenye maelfu. Kufanya mfumo mzima, mabomba, silinda, swichi na kufungua milango yote minne, ni makumi ya maelfu, na sehemu kubwa ya hapo ni saa za fundi, maana kila bomba limefichwa nyuma ya mbao na ngozi ambazo lazima zitoke bila kukwaruzwa.

Hatua ya tatu: hewa

Kompresa inazungushwa kwa mkanda na injini, inajaza tanki la hewa, na valvu zinagawa hewa kwenye mifuko ya mpira inayosimama mahali pa springi. Adui ni uzee wa mpira na maji yanayojikusanya ndani.

Baada ya kuwasha, tazama gari linavyopanda. Linapaswa kupanda kwa utulivu na kusimama mlalo. Jaribu na kitufe cha kulinyanyua zaidi kwa barabara mbaya. Kikigoma, valvu hazijatumika kwa miaka. Kisha nyunyizia maji ya sabuni kwenye viungo vya mabomba na kwenye mikunjo ya mifuko, utafute mapovu. Nyufa ndogo kwenye mikunjo ndizo zinazotangulia kupasuka.

Mwagia nje kilichomo kwenye tanki la hewa kupitia valvu yake ya chini. Maji kidogo ni ya kawaida. Maji mengi yenye kutu yanamaanisha kwamba valvu zote zimekuwa zikinywa uchafu huo. Oili nyingi inamaanisha ringi za kompresa zimekwisha.

Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na hewa. Lina uzito wa tani mbili na nusu na ushee, na mfuko ukitoa pumzi hautakuonya. Weka stendi za chuma kwenye mwili. Unapolishusha kutoka kwenye jeki, hakikisha mifuko ina hewa, kwani mfuko mtupu hujikunja vibaya na kubanwa, ukachanika siku ile ile uliyoununua.

Mfuko mmoja na valvu moja ni gharama ya mamia kila kimoja. Kompresa ni maelfu. Kufanya kona zote pamoja na kazi, andaa maelfu kadhaa, na usishangae ikivuka kumi. Fanya mifuko yote kwa mara moja. Iliyotoka kiwandani pamoja huzeeka pamoja. Wapo wanaong'oa hewa na kuweka springi za chuma. Hao wana gari zito la kawaida lenye sura ya 600.

Hatua ya nne: injini

M100 ni V8 ya lita 6.3, nguvu farasi 250, bloku ya chuma na silinda hedi za aluminiamu, kila hedi na kemshafti yake (shafti inayofungua valvu). Ni injini ngumu, iliyojengwa kwa ajili ya kusukuma tani hizo hadi kilomita 205 kwa saa. Ikifa, mara nyingi imeuawa kwa kusimama.

Ipige stata ikiwa baridi, mtu mwingine asimame nyuma. Moshi wa bluu unaotoka kwa muda mfupi kisha ukaisha ni sili za valvu zilizokauka. Moshi wa bluu unaoendelea ukiwa na mzigo ni ringi za pistoni au mirija inayoongoza valvu. Moshi mweusi ambao hauishi hata injini ikipata joto unakupeleka kwenye pampu ya petroli ya Bosch, iliyokaa katikati ya V. Ina kifaa cha kuongeza petroli injini ikiwa baridi, na kifaa hicho kikikwama, injini inaendelea kumwagiwa petroli kupita kiasi. Petroli inaosha oili kwenye silinda na kushuka hadi chini. Vuta kijiti cha oili, nusa. Kikinuka petroli, usiendelee kuliendesha gari hilo hadi pampu irekebishwe. Pampu hurekebishwa kwenye mashine maalum ya kupimia, kwa mtu mwenye takwimu za pampu hiyo hasa. Fundi anayezungusha skrubu kwa kusikiliza mlio ataongeza bili tu. Ovahoo ya pampu, yaani kuifungua na kuikarabati yote, ni ya maelfu ya dola.

Cheni ya taiming, inayounganisha krenki na kemshafti, ni ndefu, na reli za plastiki zinazoiongoza hukauka kwa miaka, zikakatika vipande. Ipimwe hivi: fungua kifuniko cha valvu, zungusha krenki kwa mkono hadi alama ya kemshafti ikutane na alama ya kituo chake, kisha soma digrii kwenye kapi la krenki. Ikipita sifuri kwa digrii nyingi, cheni imerefuka. Cheni na reli zake ni kazi ya maelfu machache. Cheni ikikatika, valvu zinakutana na pistoni, na hapo unazungumzia ovahoo ya injini nzima, makumi ya maelfu. Sijaona hesabu iliyo rahisi zaidi ya hiyo kwenye gari hili zima.

Pima kompresheni ya silinda zote nane. Usihangaike na namba moja moja. Tafuta silinda iliyo mbali na wenzake. Angalia rejeta na mipira ya maji, kwani maji matupu bila dawa ya kuzuia kutu hula hedi za aluminiamu kwa ndani. Bolti za egzosi zikiwa na kutu hukatika ndani ya hedi, kwa hiyo kazi ya gasketi ya egzosi inayotajwa kama ndogo usiikubali kwa bei ya kukisia.

Tanki la petroli linabeba lita 112. Gari likisimama miaka, tanki linashika kutu ndani na kutu hiyo inasafiri hadi kwenye pampu. Lifunguliwe na kuoshwa kabla ya jaribio lolote la kuwasha gari lililolala muda mrefu. Mipira ya petroli ya zamani nayo haikutengenezwa kwa petroli yenye ethanoli. Badilisha yote, ni gharama ndogo, na moto kwenye injini hii unateketeza gari lote.

Hatua ya tano: barabarani

Giaboksi ni otomatiki ya gia nne. Inabadilisha gia kwa kuhisika kidogo kuliko za kisasa, na hiyo si hitilafu. Kishindo kikubwa, kuteleza, au kuchelewa unapoingiza rivasi ndiyo hitilafu. Anza na mafuta, chujio na marekebisho kabla ya kukubali neno ovahoo.

Breki ni diski pande zote, na kila diski ya mbele ina kalipa (vibanio vya breki) mbili. Gari likivutia upande mmoja, kalipa mojawapo imekwama au mpira wa breki umevimba kwa ndani. Kazi yenyewe ni ya kawaida. Kinachopandisha bili ni wingi wa kalipa. Kwa uzito huu breki hazisubiri bajeti.

Usukani ukicheza, sikiliza bushi na viungo vya mbele, na uulize mara ya mwisho kupakwa grisi ilikuwa lini. Vituo vya grisi ni vingi, na kila aliyekuwa na haraka aliruka vichache.

Hatua ya sita: kutu

Bodi ndiyo inayoamua kama gari litengenezwe au liuzwe kama spea. Pita na sumaku kwenye matao ya matairi, vizingiti vya milango, sehemu za kuwekea jeki, sakafu ya buti na chini ya kioo cha nyuma. Sumaku isiposhika, kuna puti chini ya rangi. Nyanyua zulia ujionee sakafu kwa macho. Paneli za gari hili nyingi hazipo madukani, zinapigwa kwa mkono, na saa za fundi bodi zinapita kwa urahisi za fundi injini. Kwenye Pullman ongeza urefu wa chuma, mabomba na waya.

Kupiga hesabu

Usimuulize fundi "itagharimu kiasi gani". Muulize saa ngapi, kwa kila kazi, zikiwa zimeandikwa mbali na bei ya spea. Kisha uliza kazi zipi zinachangia ufunguaji. Mlango ukifunguliwa kwa ajili ya swichi, sili za silinda, mabomba na raba za kioo vifanywe hapo hapo. Kuufungua mara ya pili ni kulipa saa zile zile mara mbili.

Spea zinatafutwa kwanza Mercedes-Benz Classic, yenye kituo chake Fellbach karibu na Stuttgart, ambayo bado inatoa vitu vingi vya 600, kwa bei yake. Watumie namba ya chasisi, na uombe pia kadi ya takwimu za gari, itakayokuonyesha lilitoka kiwandani na nini. Baada ya hapo tafuta mafundi wanaokarabati kifaa chako mwenyewe badala ya kukuuzia kipya.

Kwa gari lenye haidroliki mbovu, hewa mbovu, injini inayotoa moshi na kutu ya sakafu, jumla inaingia kwenye laki za dola, na mara nyingi inazidi bei ya gari zima lililotunzwa. Ndiyo maana ushauri wangu kwa mnunuzi ni mmoja: lipa zaidi kwa gari lenye faili nene la risiti. Kilomita kwenye dashibodi usizitilie maanani sana. Gari lililotembea kila mwaka lina sili zenye unyevu. Lililofunikwa turubai tangu 1990 lina kilomita chache na mipira ya kubadilisha yote.

Utengeneze nini kwanza

Breki, mipira ya petroli na matairi vinatangulia, kwa sababu vinaua. Vinafuata cheni na reli zake, kwa sababu vikikatika vinaharibu kilicho kizuri. Kisha hewa, maana gari lisilosimama haliwezi kupimwa kitu kingine. Haidroliki ya vioo ije baada ya hapo, mlango kwa mlango ikibidi, ukianza na ule unaolowesha ngozi na mbao. Rangi na kromu viwe mwisho kabisa, hata kama macho yanadai vianze.

Gari likishatengemaa, liendeshe nusu saa kamili kila baada ya wiki chache, injini ipate joto lote, na kila safari upandishe na kushusha kila kioo na kusogeza kila kiti mwanzo hadi mwisho. Sili zinazosogea hazikauki. Mwaga maji ya tanki la hewa ukirudi, na badilisha mafuta ya haidroliki yakianza kuwa meusi.